Jembe Lililorudi Namswea

Namswea, kupitia Parokia
11 Agosti 1991

Ndugu Swalehe,

Barua yako nimeipata. Hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizitia jikoni bila kuzifungua, na mke wangu Gertruda akanung'unika kwamba karatasi haiivishi hata kiazi. Hii niliifungua kwa sababu ilikuwa Jumapili na sikuwa na la kufanya.

Nimesoma yote. Unasema binti yangu Vitalia, aliyetoroka hapa mwezi wa tano kumfuata mwanao Sadiki, yuko kwako salama. Analala chumba kimoja na mkeo, na Sadiki analala dukani juu ya magunia. Unasema hutawaozesha mpaka mimi baba yake nikubali, na kwamba ndoa inaweza kufungwa bomani, kila mmoja abaki na dini yake. Hayo ni maneno ya mtu mzima na nimeyaheshimu. Lakini mimi sitamki kitu. Sisemi ndiyo na sisemi hapana. Mtu aliyetoka mlangoni kwangu bila kuaga hakuacha swali, kwa hiyo hakuna jibu.

Ukitaka kuendelea kuniandikia, sheria ni moja. Andika habari za dunia. Una mwandiko mzuri, na huku gazeti tunalipata likiwa limefungia sukari. Habari za huyo binti usiniandikie. Ukiziandika, barua inakwenda jikoni.

Nami nikupe za huku. Watu wa Tume walipita kutuuliza kama tunataka chama kimoja au vingi. Kwa kuwa mimi ni balozi wa nyumba kumi, nilisukumwa mbele niseme, nikasema kimoja kinatosha. Chama hiki nimekichangia kuku na mahindi na siku zangu za kazi tangu nina meno yote. Sina nguvu ya kuanza kufahamiana na vingine. Mdogo wangu Antoni akauliza kama vyama vikiwa vingi mafuta ya taa yatapatikana. Bwana wa Tume akaandika kitu kwenye daftari, lakini alikuwa anacheka, kwa hiyo sijui aliandika nini.

Tangu biashara ifunguliwe, kila kitu kinaupanda mlima huu: dagaa wa usipa, redio za betri, mitumba, na vijana wa ziwani wenye mizani. Zamani mwanao angehitaji kibali kuleta samaki wake hapa kwangu. Sikujua kwamba ipo siku nitakikumbuka kibali.

Ni mimi,
Placidi Ndunguru


Liuli
3 Septemba 1991

Mzee mwenzangu Placidi,

Salaam nyingi zikufikie wewe na mama wa nyumbani. Sheria yako nimeisoma mara mbili na nimeikubali. Babu yangu alitoka Kilwa na mizigo ya chumvi akaishia kwenye ufuko huu, na tangu wakati wake ukoo wetu umeishi kwa kufuata sheria za wenye nchi. Mgeni hachagui mkeka.

Basi habari za dunia. Umenikumbusha kibali, nami nikakumbuka sabuni. Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi nilikuwa na katoni tatu za sabuni ya mche. Hazikuwa za magendo, ila risiti ilikuwa imeliwa na panya, na nani angeamini panya? Nikazifukia mchangani nyuma ya nyumba. Ziwa likajaa kuliko miaka yote, likafika pale. Asubuhi ufuko mzima ulikuwa na povu, watoto wanaoga bure, na askari amesimama katikati anauliza ni nini hii. Nikamwambia ziwa lina mambo yake. Akaandika hivyohivyo kwenye karatasi yake. Sasa amestaafu, amefungua duka mkabala na langu, anauza sabuni ileile na ananipunguzia wateja. Tunasalimiana vizuri sana.

Wewe ulisema kimoja. Mimi hawakuniuliza, lakini ningesema vingi, kwa sababu ya yule askari. Tangu afungue duka mbele yangu nimelazimika kuwa na adabu kwa wateja.

Ukurasa unaofuata nimeuandika peke yake, ili ukiona umezidi uuchane bila kuipoteza barua nzima.

Nyumbani tuna mgeni. Simtaji. Anaamka kabla ya adhana na kufagia mpaka mbele ya duka la yule askari. Samaki mwenye kichwa hamli; Mwanahamisi mke wangu humkatia kile kichwa, naye humshukuru kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Ametufundisha kupika maharage ya kwenu. Hacheki sana, lakini akicheka anacheka mpaka anakaa chini.

Wako katika salaam,
Swalehe Abdulmalik


Namswea
1 Desemba 1991

Ndugu Swalehe,

Ukurasa ule sikuuchana. Karatasi siku hizi ni ghali.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kahawa, na baada ya kahawa kwa sababu ya uvivu. Bei ni mbaya. Dawa ya miti ilikuwa inagawiwa, sasa inauzwa, na anayeiuza ni yuleyule aliyekuwa anaigawa. Antoni ameng'oa mibuni thelathini apande mahindi. Zamani Bwana Shamba angemfikisha mahakamani kwa mbuni mmoja. Safari hii alipita, akatazama, akaomba aazimwe panga. Nilimwambia Antoni kwamba mibuni ile aliipanda baba yetu. Akasema baba aliipanda kwa sababu alilazimishwa, na yeye anaing'oa kwa sababu hakuna wa kumlazimisha.

Mitumba imefika mpaka kanisani. Padre anahubiri, na mbele yake mzee wa kanisa amevaa fulana yenye picha ya mwanamke amekaa juu ya pikipiki. Zamani tulivaa viraka vyetu wenyewe. Sasa tunavaa nguo nzima za watu. Katibu kata naye hataki tena kuitwa ndugu, anataka mheshimiwa. Mimi bado nakuita ndugu kwa kuwa nimezoea, usifikiri ni kwa sababu nyingine.

Nina swali la jumla. Mtu aliyezaliwa huku kwenye baridi, akishuka kuishi kwenye joto la ziwani, homa humkamata mwaka wa kwanza. Nauliza tu kama duka lako linauza chandarua, na kama wanaokuuzia wanakuuzia kizima.

Placidi Ndunguru


Liuli
8 Machi 1992

Mzee mwenzangu Placidi,

Chandarua ninacho, kizima, cha bluu. Kimoja kimetundikwa tangu mwezi wa tano mwaka jana. Nasema kwa jumla.

Sasa tumo katika mfungo. Redio nimeihamishia barazani ili watu wapate cha kusikiliza wakisubiri magharibi. Umesikia? Watu themanini katika kila mia walisema kama ulivyosema wewe, chama kimoja, na bado vinakuja vingi. Kwa hiyo ulishinda na hukupata. Sikucheki, ila barazani tulicheka kidogo. Yule askari anasema wakubwa wameona mbali. Mimi namwambia wakubwa wameona jirani zao, kama mimi nilivyomwona yeye.

Ukurasa wa pili, ule wa kuchanwa.

Mgeni wetu aliomba shamba. Nikampa kipande changu cha ufukweni ninacholimia mihogo. Akafyeka majani, akamwambia Sadiki ayalaze kwa mistari, mingine hivi na mingine vile, mpaka shamba likawa na viboma vya mraba. Sadiki aliona aibu, kwa sababu watu walikuwa wanapita kwenda kuteka maji, lakini akalaza. Kisha mgeni akaanza kuchimba katikati ya kila mraba na kufunika majani kwa udongo, shimo baada ya shimo. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema tunatafuta fedha walizozika Wajerumani, na jioni ile wawili walikuja na koleo kusaidia.

Mvua ya kwanza mashimo yote yakaporomoka, maana pale ni mchanga mtupu. Nilidhani atalia. Akaenda kuutazama mlima ule mdogo nyuma ya mji, wenye udongo mwekundu, akarudi akasema ule unashika. Sasa wanalima kule. Sadiki analaza majani bila kuambiwa. Hajui kwamba namtazama.

Mzee mwenzangu, karibu mwaka unatimia. Nimeahidi kutouliza, na siulizi.

Swalehe Abdulmalik


Namswea
20 Aprili 1992, Jumatatu ya Pasaka

Ndugu Swalehe,

Jembe limefika. Dereva wa lori la samaki alilishusha Jumamosi Kuu, tunarudi kanisani. Alisema ni mzigo kutoka kwa Swalehe wa Liuli na kwamba barua hakupewa. Nilielewa kwa nini hukuandika. Jambo kama hili ni gumu kuliandika, na huenda una haya. Usiwe na haya.

Jembe hilo nalijua. Gertruda alimpa Vitalia alipotimiza miaka kumi na miwili, na siku aliyotoroka ndicho kitu pekee alichochukua zaidi ya nguo. Kwetu huku mume akimshindwa mke hasemi maneno mengi. Hurudisha jembe lake kwao kwanza, na mke mwenyewe hufuata baada ya siku chache. Hata kwa mwanamke ambaye hajaozwa rasmi ni hivyo. Naona umefuata desturi yetu badala ya kumfukuza, na kwa hilo nakushukuru. Ni uungwana.

Sitauliza alikosa nini au mwanao alikosa nini. Gertruda alilia, kisha akafagia chumba cha Vitalia, akapaka kuta udongo mweupe upya, siku ya Pasaka, na Padre akijua atasema. Jioni kwenye sengu niliwatangazia. Sengu ni pale wanaume wa ukoo wetu tunapokula pamoja na kuzungumza. Siku hizi tumebaki sita. Niliwaambia kabla ya kunawa mikono kwamba Vitalia anarudi. Antoni alisimama akanishika mkono. Alinishika kwa muda mrefu, na wote wengine wakaacha kutazama chakula.

Ndugu Swalehe, wewe umekuwa mkweli kwangu, nami nitakuwa mkweli. Nimefurahi. Najua furaha yangu ni huzuni ya nyumba yako, na si vizuri kuiandika, lakini nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Mwaka mzima nimekuwa nikijifanya nasoma habari za dunia.

Niambie Vitalia anakuja siku gani. Usimpakie kwenye lori la samaki. Nitashuka mwenyewe mpaka Lipingo, huko ziwani, nimpokee.

Placidi Ndunguru


Liuli
2 Mei 1992

Mzee Placidi,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Niliinua kalamu mara nyingi nikaiweka. Kama kuna njia ya kuandika haya bila kukuumiza, mimi siijui, na watu husema najua maneno.

Sikurudisha jembe. Nililipeleka litiwe mpini.

Mpini ulipasuka kwenye mizizi kule mlimani. Mafundi wa hapa walitia mwingine mara mbili, mrefu, umenyooka kama wa kwetu wa kulimia matuta. Vitalia alijaribu akasema huo hauwezi kuchimba shimo kwenye mteremko, unamtaka mtu asimame wima, na akisimama wima ataanguka. Alisema mpini unaofaa unatengenezwa Namswea tu. Lori lilikuwa linaondoka, dereva anapiga honi, mimi nina wateja. Nikalifunga kamba nikampa, nikasema moyoni barua nitaandika kesho. Desturi yenu sikuijua. Naapa sikuijua. Laiti ningeijua, ningelitupa ziwani nikamnunulia jipya.

Hajafukuzwa, hajachokwa. Mwanahamisi amesema akiondoka Vitalia naye anaondoka. Barua yako nilimpa mwenyewe aisome, nikavunja sheria, kwa sababu ndani yake kulikuwa na jina lake na sikuona kama ni haki yangu kuificha. Aliisoma amesimama dukani. Akatoka, akarudi jioni na karatasi. Nimeitia humu bila kuisoma.

Nisamehe, mzee mwenzangu. Chumba kilichopakwa udongo mweupe nakiona usiku na mchana.

Swalehe


Liuli, 1 Mei 1992

Shikamoo baba. Shikamoo mama.

Nimesoma barua uliyomwandikia Mzee Swalehe. Yeye ni mtu wa mwambao, asingejua. Mimi ni Mmatengo na ningepaswa kujua. Nilimpa jembe na sikufikiri. Niliona mpini tu, sikuona jembe. Kosa ni langu.

Baba, sirudi. Sadiki hajanikosea. Ananilazia majani, na watu wakimcheka anawaachia. Sijaolewa kwa sababu Mzee Swalehe hataki bila wewe, na mimi pia sitaki bila wewe. Tunaweza kwenda bomani peke yetu, tumeshafikisha umri. Hatujakwenda.

Sikuaga kwa sababu kama ningekuaga nisingeweza kuondoka. Hilo nimetaka kukuambia mwaka mzima na ilikuwa hairuhusiwi.

Naomba jembe langu. Mashimo sijamaliza na udongo unaanza kukauka.

Mwanao,
Vitalia


Namswea
21 Juni 1992

Ndugu Swalehe,

Sina kinyongo nawe. Dereva akipiga honi mtu hufanya lolote.

Kwanza habari za dunia. Imekuja barua kutoka tawini, ikisema sisi mabalozi wa nyumba kumi ni wa chama na si wa serikali, na vyama vikianza tusiwachanganye wananchi. Miaka kumi na minane nimesuluhisha ugomvi wa mbuzi, nimeandika barua za utambulisho, nimezika watu. Sikuwahi kujiuliza nafanya kama nani. Jana jirani mmoja alikuja kushtaki mkewe, nikamuuliza kama yeye ni mwanachama. Alidhani nimeugua. Nikasikiliza kesi yake.

Kwenye sengu bado sijawaambia ukweli. Kila jioni Antoni anauliza, Vitalia yuko wapi? Nasema lori limeharibika. Mwezi na nusu sasa nalisingizia lori la watu lisilo na kosa. Mlo wa watu sita ukiwa na mwongo mmoja haushuki vizuri.

Jembe lilikuwa tayari tangu katikati ya mwezi wa tano. Mpini niliuchonga mwenyewe kwa mti wa mpera, nikauinamisha kama mteremko wa kwetu unavyotaka. Limesimama nyuma ya mlango. Dereva wako amepita mara nne, na mara zote nne nimejificha shambani.

Usiniulize kwa nini, nitakuambia. Hukuijua nusu ya kwanza ya desturi, sasa jua na ya pili. Jembe la binti likirudi kwao, yeye amerudi. Likitoka tena mkononi mwa baba yake kwenda nyumba nyingine, baba amemtoa. Hakuna karatasi ya bomani wala ya kanisani inayopita hapo, kwa wazee wetu. Nikimpa dereva jembe hili, nimemwoza binti yangu kwa lori la samaki. Nisipompa, ninamkatalia mwanangu kitu cha kulimia chakula. Nimekaa hapo katikati.

Ningekuwa na mtu wa kumuuliza, ningemuuliza. Gertruda amesema ni jembe, lipeleke.

Placidi


Liuli
12 Julai 1992

Mzee mwenzangu Placidi,

Vyama vimeanza rasmi. Wiki iliyopita alishuka kwenye boti bwana mmoja mwenye viatu vyeupe, anatafuta wanachama wa kuorodhesha ili chama chake kipate usajili. Nikajiandikisha kwa sababu alinunua soda kreti nzima. Yule askari wa duka la mkabala alijiandikisha pia, ila alipogundua mimi nipo akaomba jina lake lifutwe. Demokrasia imefika, na kitu cha kwanza ilichofanya ni kunikimbia mimi.

Sasa nitasema moja kwa moja, na ukitaka kutia barua jikoni utie.

Nimelinda neno langu mwaka na miezi miwili. Mwanangu analala juu ya magunia na mgongo wake umeanza kupinda. Binti yako analima kwa jembe la kuazima, mpini mrefu, na wiki jana aliteleza kwenye mteremko akaumia goti. Amepona, usishtuke. Lakini watu wa msikitini wananiuliza, na watu wa kanisani wanamuuliza yeye. Mtu hawezi kuwa mgeni milele, hata kama wenyeji wanampenda. Mgeni wa milele hana nyumba.

Mwisho wa mwezi wa nane nitamleta Namswea mimi mwenyewe, kwa heshima zote, nimrudishe mkononi mwako, na Sadiki nitamtuma Songea kwa ndugu yangu asahau. Nitafanya hivyo nikilia, ila nitafanya. Isipokuwa kama kabla ya hapo utasema ndiyo. Kukaa katikati ni haki yako, mzee mwenzangu, lakini wewe unakaa kwenye kiti na wao wamesimama.

Nimekukosea adabu katika mstari huo. Nauacha hivyohivyo.

Swalehe


Liuli
30 Julai 1992

Mke wangu Gertruda,

Ninaandika kwa herufi kubwa uweze kusoma peke yako, usimpe Antoni akusomee kabla hujamaliza.

Nilikuaga kwamba nakwenda Mbinga kwenye mkutano wa kahawa. Mkutano haupo. Jembe nililifunga ndani ya gunia la mahindi, na nafikiri uliliona, kwa sababu ulinifungia viazi vya siku tatu kwa safari ya siku moja.

Lori nililolipata liliishia Lipingo, kutoka pale nikatembea. Joto la huku ni la kweli. Nilipofika dukani nilimkuta mtu mfupi anapima sukari. Kwa mwandiko wake nilimdhania Swalehe ni mrefu. Tulisalimiana, tukakaa, na kwa saa nzima tukazungumza habari za vyama, bei ya kahawa, na yule askari wake wa mkabala, ambaye alikuja kunisalimu na kunitaka nisiamini ninachoambiwa. Gunia lilikuwa katikati yetu sakafuni. Hakuna aliyelitazama. Mkewe alileta chai, akalitazama, akatoka kumtafuta Vitalia.

Alikuja na udongo mwekundu mpaka magotini. Amekonda kidogo na amekuwa mweusi, lakini ni mzima. Alinipa shikamoo amepiga magoti, nikaitikia. Sadiki alisimama mlangoni, hakujua aingie au atoke, na mimi sikumsaidia. Nikafungua gunia nikatoa jembe.

Gertruda, hakunyoosha mikono. Aliliangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Baba, umelitengeneza, au umenipa?"

Swalehe, mwenye maneno yale yote, alikuwa anahesabu makopo ya maziwa. Mimi njiani nilikuwa nimepanga hotuba kuhusu heshima na kuhusu watu wanaotoka bila kuaga, na ilikuwa ndefu, ilinitosha kutoka Lipingo mpaka hapa. Nikaitafuta sikuiona. Nikasema, "Nimekupa."

Akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akaegemeza uso wake kwenye mpini, akalia, na mimi nikalia, mbele ya watu wa ziwani na yule askari. Nilidhani nikilitoa nitajisikia nimepokonywa. Ndivyo nilivyojisikia hasa, na bado najisikia hivyo ninapoandika. Sikudanganyi kwamba nimefurahi. Lakini mpaka jana alikuwa wangu, naye moyoni mwangu alikuwa amekasirika na hasemi; leo ametoka mkononi mwangu na anazungumza nami. Ameniambia mpini nimeuinamisha kupita kiasi, eti milima ya huku si mikali kama ya kwetu. Kesho anataka nikaione, na nilaze majani mstari mmoja nimwonyeshe Sadiki, kwa sababu analaza vibaya.

Jumatatu tunapanda nao Mbinga bomani kutoa taarifa ya ndoa. Tangazo litabandikwa siku ishirini na moja, kwa hiyo una muda wa kukasirika na muda wa kuandaa pombe. Mimi nitafika nyumbani Jumanne.

Dereva anaondoka sasa hivi na barua hii, utaipata kesho. Jumamosi jioni, wakikaa kwenye sengu, mwite Antoni nje umwambie awatangazie wote kabla hawajanawa mikono: lori halikuharibika hata siku moja. Vitalia harudi. Anaolewa Liuli, na aliyempa jembe ni mimi.

Mumeo,
Placidi